Jina la Wanda halikuenea kwenye baiti 30

Leo naweka kando mambo ya seva. Jioni za wiki mbili zilizopita nimekuwa nikisafisha muziki wa shangazi yangu anayekaa Molo, na katika kazi hiyo nimekuta tatizo la data ambalo halijanitoka kichwani. Linahusu albamu ya heshima aliyotengenezewa mwanamke mmoja wa Marekani, Wanda Jackson. Linawahusu pia wasichana wa Kapkatet, huku huku kwetu Bonde la Ufa. Vumilia kidogo, nitafika.

Kwanza shangazi. Yeye ni mpenzi wa kantri, jambo ambalo halimshangazi mtu yeyote wa Nakuru. (Kwa wasomaji wa Dar na Unguja: ndiyo, ni kweli, nyanda za juu za Kenya ni nchi ya kantri. Msicheke.) Panda matatu ya Njoro au Elburgon asubuhi ya baridi, huenda utasindikizwa na Jim Reeves, Don Williams, Skeeter Davis, Kenny Rogers au Dolly Parton. Tuna hata waimbaji wetu wa kantri, akina Sir Elvis na Esther Konkara. Niliwahi kumuuliza shangazi kwa nini watu wa huku wanapenda sana muziki wa Wazungu wa Marekani. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yana unyevu. "Ni nyimbo za ng'ombe, mvua, kanisa na mtu aliyeachwa na mpenzi wake. Sasa huku Molo kuna nini kingine?"

Flashi yake ina nyimbo zaidi ya elfu moja. Zimekusanywa kwa miaka mingi kutoka vibanda vya kunakili muziki, kutoka kaseti za zamani, kutoka kwa watoto wake. Zaidi ya nusu yake zinaitwa "Track 03" au "Track 11", na mahali pa mwimbaji pameandikwa "Unknown Artist". Kazi aliyonipa ilikuwa moja tu: "Baba, nitafutie yule mama anayeimba kama amemeza msasa."

Ilinichukua dakika chache kumpata. Zipo programu zinazosikiliza sauti ya wimbo na kuulinganisha na hifadhidata kubwa, kisha zinakuandikia jina. Mimi hutumia Picard ya MusicBrainz, ni ya bure na chanzo chake kiko wazi. Yule mama wa msasa alikuwa Wanda Jackson, na wimbo ni "Let's Have a Party".

Haya, ni nani huyu? Alizaliwa 1937 katika mji mdogo wa Maud, jimbo la Oklahoma. Baba yake alikuwa mpiga gitaa na ndiye aliyemfundisha. Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari alikuwa na kipindi chake redioni huko Oklahoma City. Mwimbaji Hank Thompson akamsikia, akamwita aje arekodi. Mwaka 1954 alitaka kuingia kampuni ya Capitol, na kwa maelezo yake mwenyewe alijibiwa kwamba wasichana hawauzi santuri. Akaenda Decca. Miaka miwili baadaye, 1956, Capitol wakamchukua. Nafikiri hakuna haja ya mimi kuongeza neno hapo.

Mwaka 1955 alianza kuzunguka kwenye maonyesho pamoja na Elvis Presley, na Elvis ndiye aliyemsukuma aache kuimba kantri peke yake, ajaribu ule muziki mpya wa vijana. Muziki huo ni rokabili: kantri iliyooana na rithimu na bluzi ya watu weusi, gitaa linakwaruza, besi linapigwa kofi. Wavulana waliouimba walikuwa wengi. Wasichana walihesabika. Wanda aliingia na sauti ile ya kukwaruza na nguo alizobuni mwenyewe na kushonewa na mama yake, zenye nyuzinyuzi zinazoning'inia na mabega wazi, wakati wenzake wa kantri walikuwa wakivaa kama walimu wa shule ya Jumapili. Pale Grand Ole Opry, jukwaa kuu la kantri mjini Nashville, walimwambia afunike mabega kabla ya kupanda jukwaani. Akavaa koti juu ya gauni lake, akaimba, akaondoka akisema harudi.

Mafanikio yake yalikuja kwa njia za ajabu ajabu. "Fujiyama Mama", uliorekodiwa 1957, haukufanya lolote la maana Marekani, lakini ukashika namba moja Japani. Na ni wimbo unaotaja Hiroshima na Nagasaki, tena kwa majigambo! Hadi leo sielewi. "Let's Have a Party" aliurekodi 1958 na ukalala ndani ya albamu hadi 1960, ndipo ukapanda kwenye chati. Piano unayoisikia humo inapigwa na Al Downing, kijana mweusi wa Oklahoma. Kisha Wanda akarudi kwenye kantri, akaandika na kuimba "Right or Wrong" (1961), na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 akageukia zaidi nyimbo za injili. Rokabili ikamsahau, au tuseme waandishi wa historia ya roki wakamsahau.

Waliomrudisha ni waimbaji wenzake. Mwaka 1995 Rosie Flores alimshirikisha kwenye albamu yake Rockabilly Filly. Mwaka 2004 kampuni ya Bloodshot Records ya Chicago ikatoa albamu ya heshima: nyimbo za Wanda zimeimbwa na wasanii wengine, kila mmoja wimbo wake. Baadaye Elvis Costello alipiga kelele hadharani kwamba ni aibu Wanda kukosekana kwenye Jumba la Heshima la Rock and Roll, na 2009 wakamwingiza.

Mimi huwa na mashaka na albamu za heshima. Nyingi ni kama harambee ambapo kila mtu ametoa shilingi ili jina lake lisomwe. Unasikiliza, unapiga makofi kwa adabu, kisha unarudi kwa mwenye wimbo. Lakini zina kazi moja ambayo mtu wa programu ataielewa haraka. Wimbo unaoimbwa na mtu mmoja ni kama programu inayokwenda kwenye mashine ya aliyeiandika tu. Ukimpa mtu mwingine, kwa sauti nyingine na vyombo vingine, ukasimama, basi unajua kuna kitu ndani yake. Nilimchezea shangazi albamu nzima tukimenya viazi. Hukumu yake: "Wanaimba vizuri. Lakini hawana hasira."

Sasa tufike kwenye tatizo.

Jina kamili la albamu hiyo ni Hard-Headed Woman: A Celebration of Wanda Jackson. Shangazi husikilizia muziki kwenye pikapu ya shamba, na redio ya pikapu hiyo inasoma tagi za zamani tu, zile zinazoitwa ID3v1. Tagi hizi zilibuniwa 1996. Ni baiti 128 zilizobandikwa mwishoni mwa faili ya MP3: baiti 3 za neno TAG, 30 za jina la wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni, na baiti 1 ya aina ya muziki. Basi. Kinachozidi kinakatwa bila huruma.

Jina la albamu lina herufi 49, nafasi zikihesabiwa. Jina la Wanda linaanzia kwenye herufi ya 37. Kwa hiyo kioo cha redio kikaonyesha hivi:

Hard-Headed Woman: A Celebrati

"Huyu Celebrati ni nani?" shangazi akauliza. "Mwitaliano?"

Nilicheka, lakini kichwani nikaanza kuhesabu. Kwenye albamu ya heshima, anayeheshimiwa hayupo mahali pengine popote isipokuwa kwenye jina la albamu. Si mwimbaji, maana wanaoimba ni wengine. Mara nyingi si mtunzi pia. Ukikata jina la albamu, umemkata yeye. Umebaki na sherehe isiyo na mwenyewe. Hata ile baiti moja ya aina ya muziki inamkataa: Kantri ni namba 2, Roki ni namba 17, na unaruhusiwa kuchagua moja tu.

Utaniambia tuko karne ya 21, tumia ID3v2, ina nafasi tele. Kweli ina nafasi. Ina TPE1 ya mwimbaji, TCOM ya mtunzi, na ina hata TOPE, iliyowekwa kwa ajili ya mwimbaji wa awali pale wimbo unaporudiwa na mtu mwingine. Nikasema, tumepona. Nikaanza kujaza TOPE kwa nyimbo zinazojulikana kama za Wanda, kwa uaminifu wa karani wa mahakama. "Hard Headed Woman", uliotoa jina la albamu: aliyeuimba wa kwanza kujulikana ni Elvis, 1958, na mtunzi ni Claude Demetrius. "Let's Have a Party": Elvis tena, kwenye filamu Loving You ya 1957, mtunzi Jessie Mae Robinson. "Fujiyama Mama": Annisteen Allen aliurekodi kabla ya Wanda.

Unaona kinachotokea? Ukijaza kila nafasi kwa usahihi kabisa, Wanda anapotea kabisa. Ila hapo hapo wanajitokeza wanawake wengine wawili, Jessie Mae Robinson na Annisteen Allen, wote weusi, ambao nadhani wapenzi wengi wa Wanda hawajawahi kuwasikia. Nikakaa na hilo kwa muda. Nafasi ile ile inayomfuta mmoja inamfufua mwingine.

MusicBrainz wamelifikiria jambo hili, lazima niwape haki yao. Kwenye hifadhidata yao kuna uhusiano maalumu unaounganisha albamu ya heshima na msanii anayeheshimiwa. Lakini uhusiano huo unakaa kwao. Ukinakili faili kwenye flashi, ukaipeleka Molo, hauji nayo.

Hapa ndipo Kapkatet inapoingia, na iliingia kupitia Wanda mwenyewe. Mwaka 2011, akiwa na miaka 73, alitoa albamu The Party Ain't Over iliyotayarishwa na Jack White, na wimbo wa mwisho humo ni "Blue Yodel #6" wa Jimmie Rodgers. Rodgers alikuwa mfanyakazi wa breki kwenye treni huko Mississippi kabla ya kuwa mwimbaji. (Mji wa reli kama Nakuru ungempenda.) Alianza kurekodi 1927 na kufa kwa kifua kikuu 1933, na huitwa baba wa kantri. Alama yake ilikuwa yodeli, ule mtindo wa kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa kama inayokatika. Wanda alizijua nyimbo zake tangu utotoni. Kwa hiyo naye alikuwa akitoa heshima, kwa mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.

Mwaka 1950, Wanda akiwa bado mtoto, Hugh Tracey alifika Kapkatet, Kericho, na mashine zake za kurekodi. Ukitoka Nakuru leo unapita Salgaa, unakata pale Mau Summit, unashuka hadi Kericho kwenye majani chai, unaipita Litein na uko pale. Tracey alikuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, na miaka minne baadaye alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kapkatet akakuta kitu ambacho hakukitarajia. Santuri za Jimmie Rodgers zilikuwa zimeshafika kwa Wakipsigis kwenye gramafoni, na watu walikuwa wakimwimba. Ulimi wa Kikalenjin hauna haja ya sauti j na g za Kiingereza, kwa hiyo Jimmie Rodgers amekuwa Chemirocha.

Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Ya tatu, "Chemirocha III", iliimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, pamoja na kinanda cha nyuzi ambacho ni ndugu wa nyatiti. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha wao alikuwa nusu mtu, nusu mnyama mwenye miguu ya swala, na wasichana wanamhimiza acheze kwa nguvu mpaka achomoke ndani ya nguo zake. Ni wimbo mfupi sana. Usiusikilize kwenye spika ya simu, tafadhali. Tafuta vipokea sauti.

Kwangu mimi hiyo ni albamu ya heshima kuliko ile ya Chicago. Hawakumwiga Rodgers. Hakuna yodeli, hakuna gitaa. Wamechukua jina na mshangao, wakamjengea miguu ya swala. Jina lake limepinda, lakini halikukatwa.

Na jina la Chemutoi Ketienya tunalijua kwa sababu Tracey alikuwa na tabia ya mtu wa data: kila rekodi aliiandikia wanaoimba, mahali, lugha, ala na mwaka. Katikati ya miaka ya 2010 watu wa ILAM, wakishirikiana na Singing Wells na Ketebul Music ya Nairobi, walizirudisha rekodi zile za Tracey Kenya, wakaenda kijiji kwa kijiji wakitafuta waimbaji na jamaa zao. Bila maandishi yale wangeanzia wapi? Huwezi kufika Kericho na faili iitwayo "Track 03" ukauliza ni ya nani. Simsafishi Tracey, rekodi zile zilikaa mbali na wenyewe zaidi ya miaka 60, na hilo ni deni. Ila aliandika majina, ya wasichana pia.

Nilikuwa nimefikia hapo katika kumsimulia shangazi aliponiambia nicheze folda fulani ya mwisho. Faili kumi na mbili, zote "Unknown Artist". Picard ilizisikiliza, haikupata kitu. Zilitoka kwenye kaseti: gitaa moja, wanawake wanaimba Kikuyu kwa mwendo wa kantri, na nyuma kabisa jogoo anawika.

"Sauti ya pili ni mimi," akasema.

Sikuwa najua. Miaka ya 1980 yeye na wenzake watano walikuwa wakiimba kwenye arusi za Elburgon na Turi, hata wakalipwa mara kadhaa. Kaseti ilirekodiwa sebuleni, ikanakiliwa, nakala ikanakiliwa, mpaka siku moja mtoto wake akaikuta kwenye kibanda mjini ikiuzwa ndani ya mchanganyiko wa nyimbo za arusi, haina jina la mtu. Hakukasirika aliponisimulia. Aliendelea kumenya viazi. Mimi ndiye niliyekasirika.

Basi kazi niliyoifanya ni hii, kwa atakayetaka kuiga. ID3v2 inakuruhusu kubuni nafasi yako mwenyewe kupitia TXXX. Niliandika skripti fupi ya Python kwa kutumia maktaba ya Mutagen, inaongeza nafasi niliyoiita HESHIMA_KWA. Albamu ya 2004: Wanda Jackson. "Blue Yodel #6" ya Wanda: Jimmie Rodgers. "Chemirocha III": Jimmie Rodgers, huku TPE1 ikiwa Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kapkatet. Hakuna programu nyingine duniani inayoisoma nafasi hiyo, najua, lakini iko ndani ya faili na inasafiri nayo.

Kwa redio ya pikapu nililazimika kubadilisha jina la albamu lenyewe. Sasa inaonyesha "Wanda Jackson, heshima (2004)". Herufi 29. Imebaki moja.

Kaseti ndiyo iliyonisumbua. Wanawake sita, baiti 30, ni herufi tano kila mmoja bila hata nafasi katikati. Nilimwambia shangazi tuweke jina la kikundi. Akasema kikundi hakikuwa na jina, watu walikuwa wakisema tu "waite wale akina mama". Nikamwambia basi nianze na lake, kwa sababu flashi ni yake. Akakataa. Wawili kati yao wameshafariki, akataka hao ndio wakae mahali pa mwimbaji, na majina yao mawili yalienea, herufi 27. Wanne waliobaki nimewabana kwenye baiti 30 za maoni, majina ya kwanza tu. La shangazi liko mwisho, na limekatwa herufi moja.